Maji ya Ziwani, Maji ya Milimani: Historia ya Kuoga Uvira na Rurambo

Mtu anayeshuka kutoka Rurambo kwenda Uvira huacha nyuma namna moja ya kuoga na kukuta nyingine. Rurambo iko milimani, juu ya bonde la Ruzizi, ambako ukungu wa asubuhi haupungui hadi jua lipande, na maji ya kijito huuma vidole. Uvira iko chini, upande wa Kongo, kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana huko humganda mtu kama nguo iliyolowa jasho. Hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzijoto 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ndiyo maana watu wa ukoo mmoja, wengine wakiishi juu na wengine chini, wamerithi mazoea mawili. Milimani maji hutiwa moto ili mwili ulegee. Ufukweni mwili ndio unaopelekwa majini ili upoe. Karibu kila jambo katika historia ya kuoga ya sehemu hii limefuata mteremko huo.

Neno lenyewe ni la kale kuliko njia zote za misafara. Kuoga kwa Kiswahili na koga kwa Kinyarwanda ni mzizi mmoja, na wataalamu wa lugha za Kibantu wameufuatilia hadi kwenye lugha-mama ya zamani iliyozaa lugha hizo zote. Katika Kinyarwanda kitenzi hicho kimoja hutosha kwa kuoga na kwa kuogelea pia. Kiswahili kimelirefusha neno ili kutenga maana ya pili, kisha kikaongeza maneno mengine: kunawa, kutawadha, kujimwagia, kukandwa, kujifukiza, kuzamishwa. Si maneno ya kupamba tu. Kila moja lina watu wake, saa yake na chombo chake, na mengi kati ya hayo yamefika Uvira kwa njia tofauti.

La kwanza kutazamwa ni ziwa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 mahali palipo pa kina zaidi, na ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Bahari ndogo kama hiyo haipati joto upesi wala haipoi upesi. Maji ya juu hukaa kwenye nyuzijoto 25 hadi 27 karibu mwaka mzima, na hata pepo za kusi za kiangazi, zinazovuma kati ya Mei na Septemba, hazishushi joto hilo sana. Matokeo yake huonekana alfajiri. Usiku upepo hushuka kutoka milimani na kuipoza nchi kavu, lakini ziwa halijapoa. Wavuvi wa ndakala wanaporudi na taa zao, baada ya usiku mzima wa kuvuta wavu, hutoka mtumbwini na kuingia majini hadi kifuani, na kwa dakika chache hakuna anayetoka. Hewa ni baridi na maji ni vuguvugu. Mabega yaliyokuwa yamekazana hushuka yenyewe.

Sababu za utulivu huo zinajulikana. Mwili uliozama hadi shingoni hubebwa na maji, na miguu na uti wa mgongo hubaki na takriban sehemu moja ya kumi tu ya uzito wake. Maji nayo yanabana mwili kutoka pande zote, zaidi miguuni kuliko kifuani, na mbano huo husukuma damu ya miguu na tumbo kuelekea moyoni. Mwaka 1972 watafiti wa Uswidi walipima jambo hilo na kukuta kiasi cha mililita 700 za damu kimehamia kifuani mtu akiwa amekaa majini, kichwa nje. Moyo hujaa vizuri, hupiga kwa nguvu zaidi kila pigo, na hauhitaji kukimbia. Figo nazo hupata ishara kwamba damu imezidi na kuanza kutoa maji, na hiyo ndiyo sababu kila mtoto aliyecheza ziwani muda mrefu hupata haja ya kukojoa. Misuli isiyobeba mzigo, ngozi isiyotetemeka kwa baridi wala kutoa jasho, moyo usio na haraka: vikikutana vitatu hivi, mtu hutulia hata kama hakukusudia kutulia.

Starehe hiyo ilikuwa na mipaka. Delta ya Ruzizi na fukwe za karibu ni makao ya viboko na mamba tangu zamani, na mamba mkubwa aliyepewa jina la Gustave, aliyejulikana pande za Burundi tangu miaka ya 1990, aliwakumbusha watu wa leo jambo ambalo babu zao hawakuhitaji kukumbushwa. Mahali pa kuoga palichaguliwa kwa jicho kali: maji maangavu, mchanga au mawe chini, matete yawe mbali. Wanawake walikuwa na sehemu yao, karibu na walipochotea maji na kufulia, na wanaume yao, na saa za kwenda zilijulikana. Utaratibu huo bado unaonekana kwenye mito midogo mitatu inayoukata mji wa Uvira, Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, ambako mtu hukohoa au kuita kabla ya kufika ukingoni.

Katika karne ya 19 Uvira ilikuwa kituo cha mwisho kaskazini mwa biashara ya ziwa. Waingereza Richard Burton na John Speke waliofika Ujiji Februari 1858 walipanda mitumbwi Aprili mwaka huo na kwenda hadi Uvira, wakakuta soko la pembe za ndovu, watumwa, nguo za magome na vyuma. Huko ndiko walikoambiwa kwamba mto Ruzizi huingia ziwani, hautoki. Wapelelezi Stanley na Livingstone walikuja kuhakikisha kwa macho yao Novemba 1871. Nyuma ya wageni hao wanaojulikana kulikuwa na watu wengi zaidi wasioandikwa: wapagazi, mabaharia wa mitumbwi, wafanyabiashara Waislamu wa pwani na watu wao. Pamoja na nguo na Kiswahili, walileta desturi mpya ya maji. Kutawadha mara tano kwa siku, josho la Ijumaa, ghusli ya janaba na ya maiti vilimfanya mtu wa ufukweni akutane na maji kwa saa na kwa nia. Udhu hauzamishi mwili, lakini maji baridi usoni, mikononi na miguuni nayo yana kazi yake: ngozi ya uso inapolowa maji ya baridi, mapigo ya moyo hupungua.

Jambo moja la pwani halikufika. Unguja ilikuwa na hamamu. Sultani Said alijenga bafu za Kidichi katikati ya karne hiyo kwa ajili ya mke wake Mwajemi, na Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alijenga Hamamni katika Mji Mkongwe, nyumba ya umma yenye vyumba vya joto na vya baridi iliyotumika hadi miaka ya 1920. Hakuna hamamu iliyojengwa Uvira, wala haikuhitajika. Hamamu ni ziwa la kutengeneza, lenye kuni chini yake. Wenye ziwa la nyuzijoto 26 mlangoni walikuwa na sehemu kubwa ya huduma hiyo bila malipo. Iliyobaki, yaani joto kali linalofungua misuli, ilitafutwa nyumbani, na nyumbani ilikuwa kazi ya wanawake.

Hapo ndipo penye moyo wa desturi hii, na hapo ndipo waandishi wa safari hawakufika. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto kunafanyika kuanzia pwani ya Mombasa hadi ndani ya Kongo, kila mahali kwa majina na majani yake, na milimani juu ya Uvira kuna uzito wa pekee kwa sababu ya baridi. Mama akishajifungua, sufuria kubwa huwekwa jikoni kabla hakujapambazuka. Anayemkanda ni mama yake, mama mkwe au mama mkubwa mwenye mikono iliyozoea. Maji humiminwa kwenye beseni na kuchanganywa, naye huyapima kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vilivyozoea moto hudanganya. Kitambaa kizito kilichokunjwa mara nne huchovywa, hukamuliwa hadi kisidondoshe, kisha hushindiliwa mgongoni chini ya kiuno na kushikiliwa hapo. Mama huvuta pumzi kwa nguvu, halafu huitoa polepole. Kitambaa kikipoa kinarudi besenini. Kiuno, nyonga, mapaja, tumbo kwa mkono mwepesi, mwisho mabega yaliyochoshwa na kunyonyesha. Baada ya hapo hufunikwa kwa vitenge na blanketi, hupewa uji wa mtama wa moto, na analala. Usingizi huo ndio tunda la kazi yote. Siku hizo za kwanza mama mwenye mtoto mchanga hana usingizi mwingine wa uhakika.

Wanaokanda husema maji ya moto hutoa damu mbaya na kurudisha mwili mahali pake. Wauguzi huongea kwa maneno mengine: joto hupanua mishipa ya damu kwenye ngozi, misuli iliyokazana hulegea, maumivu ya mgongo hupungua. Wauguzi pia huonya, na wana haki, kwamba maji yaliyozidi moto huunguza, na kwamba mama aliyepasuliwa hapaswi kukandwa tumbo. Bado desturi haijaisha, na sababu si ujinga. Kwa vizazi vingi mama wa vijiji hivi alijifungua mbali na daktari. Hospitali ya misheni ya Lemera, katika milima hiyohiyo, ndiko Denis Mukwege alikoanza kazi ya udaktari katika miaka ya 1980, kabla ya kwenda kusomea magonjwa ya wanawake, na kilichomsukuma ni akina mama waliofika kwa kuchelewa, wakibebwa kwa machela. Hospitali hiyo ilishambuliwa Oktoba 1996, mwanzoni mwa vita vya kwanza vya Kongo. Mahali ambapo hospitali yenyewe inaweza kuondolewa kwa usiku mmoja, beseni na kitambaa hubaki.

Kujifukiza ni ndugu wa kukandwa. Chungu cha majani yaliyochemka huwekwa kati ya magoti, mgonjwa hufunikwa blanketi, na mvuke hufanya kazi ya hamamu katika nafasi ya mtu mmoja. Majani ya mikaratusi, miti iliyopandwa kwa wingi milimani tangu enzi ya ukoloni, yameingia katika chungu hicho kana kwamba yalikuwako siku zote.

Ukoloni wenyewe ulileta hofu ya ukingo wa maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea kwenye fukwe za kaskazini za Tanganyika. Aina ya mbung'o anayeueneza hapo hupenda kivuli cha vichaka vilivyo karibu na maji, mahali hasa ambapo watu husimama kuoga, kufua na kuchota. Upande wa Burundi, Wajerumani walifungua kambi za matibabu na kufyeka vichaka vya ufukweni, na vijiji vikahamishwa. Mahali pa kupumzikia pakawa mahali pa kuumwa. Pamoja na hofu hiyo ulikuja mtindo wa Kizungu wa kuoga ndani, kwenye hodhi la bati, kwa maji yaliyobebwa kichwani na mtumishi na kuchemshwa nje kwenye pipa. Mtindo huo haukuenea. Ulihitaji mtu mmoja apumzike na wengine wawili wachoke.

Namna nyingine ya kuingia majini ilifika 1921, na hii ilipanda mlima. Mwaka huo wamisionari wa kwanza wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira, na kazi yao ikazaa kanisa ambalo leo ni sehemu ya CEPAC, Jumuiya ya Makanisa ya Kipentekoste katika Afrika ya Kati. Tofauti na Wakatoliki waliomwagia maji kichwani, wao walibatiza kwa kuzamisha mwili wote. Katika nchi ya vijito vya baridi hilo halikuwa jambo dogo. Kijito cha mlimani mara nyingi hakifiki hata magotini, hivyo vijana hutangulia kukiziba kwa mawe na mabonge ya udongo wenye majani hadi maji yafike kiunoni. Asubuhi waumini hujipanga ukingoni wakiimba. Mbatizwa huingia kwa nguo nyeupe, mikono imekunjwa kifuani, mchungaji upande mmoja na mzee wa kanisa upande mwingine, na kwa neno moja hulazwa nyuma mpaka uso ufunikwe.

Mwili hupokea maji hayo kwa mshtuko. Pumzi hukatika, kisha huja kwa haraka, moyo hupiga mbio, na kwa watu wenye ugonjwa wa moyo hali hiyo inaweza kuwa hatari. Baada ya muda mfupi mambo hugeuka: mtu huyu ametoka, amefunikwa nguo kavu, yuko karibu na moto na kikombe cha chai, damu inarudi kwenye ngozi na joto linaenea hadi vidoleni. Wengi huielezea saa hiyo kuwa ya amani kubwa. Muumini haoni haja ya kuipima kwa nyuzijoto, na si kazi ya historia kumnyang'anya maana aliyoipata. Inatosha kuona kwamba imani imewafanya watu wa milimani, waliozoea maji ya moto ya kipimo cha beseni moja, wazame mzima mzima katika maji ya baridi angalau mara moja maishani, na waikumbuke siku hiyo.

Kuna pia maji ambayo ardhi yenyewe imeyatia moto. Uvira imekaa katika Bonde la Ufa, ambako ukoko wa dunia umepasuka na maji ya mvua hupenya chini, hupashwa, kisha hurudi juu. Ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Bugarama nchini Rwanda na kando ya mto Ruhwa nchini Burundi, kuna chemchemi ambamo watu hukaa kwa ajili ya viungo vinavyouma. Ziwani kwenyewe, katika miaka ya 1980, wanasayansi wa Kifaransa walichunguza matundu ya maji ya moto yaliyo chini ya ziwa, mahali ufukweni paitwapo Pemba na kwenye Rasi ya Banza, ncha ya rasi ndefu ya Ubwari, na kukuta maji yenye joto linalokaribia au hata kupita kidogo nyuzijoto 100. Hayo si ya kuogea. Lakini yanaonyesha kwamba tanuri la hamamu liko palepale chini ya miguu ya wavuvi.

Katika mji wa leo, swali la kuoga limekuwa swali la robine, yaani bomba la maji. Maji ya bomba ya Uvira hutoka mto Mulongwe na husambazwa na shirika la maji la Regideso, lakini kwa miaka mingi yamekuwa ya kukatika. Yakikatika, watu hurudi ziwani na vijitoni, na mahali pamoja pa kuogea, kufulia na kuchotea maji ya kunywa huwa njia ya kipindupindu, ugonjwa ambao umekaa katika fukwe hizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Utafiti uliochapishwa 2015, uliotazama wagonjwa waliolazwa Uvira kati ya 2009 na 2014, ulionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu waliongezeka katika siku zilizofuata kukatika kwa maji, na ukakadiria kuwa karibu robo ya waliolazwa wangeepuka kama maji yasingekatika. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna konokono wa kichocho pia. Mama anayemkataza mtoto wake asioge ziwani anajua anachomnyima, na anamnyima kwa sababu nzuri.

Aliyebaki na beseni moja la maji safi bado anaweza kuyatumia vizuri. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa 2019 na Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin ulikuta kwamba kuoga kwa maji ya nyuzijoto 40 hadi 42.5, saa moja au mbili kabla ya kulala, hata kwa dakika 10 tu, humfanya mtu apate usingizi mapema, kwa wastani wa dakika kama 10. Maji ya moto huleta damu kwenye viganja na nyayo, mwili hutoa joto lake kupitia hapo, na joto la ndani likishuka usingizi huja. Milimani, ambako watu huoga maji ya moto jioni na kuingia kitandani moto ungali unafuka, desturi hiyo ilikuwa na umri mrefu kabla ya kupimwa.

Lakini maji hayohayo huleta maafa pia. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba katika Uvira. Ziwa nalo lilianza kupanda, na Mei 2024 lilifika kiwango ambacho kilikuwa hakijaonekana tangu miaka ya 1960, likimeza nyumba, barabara na sehemu za bandari ya Kalundu. Fukwe za kuogea ambazo vizazi kadhaa vilizijua zikawa chini ya maji. Katika miaka hiyohiyo vita vya milimani viliwashusha watu wengi hadi Uvira, wakiwamo wa Rurambo. Waliozoea kuchemsha maji ili waoge wamejikuta katika mji wa joto, wakipanga madumu ya lita 20 kwenye foleni ya robine, na bado wengi huwasha moto jioni ili mama mwenye mtoto mchanga akandwe kama alivyokandwa mama yake kule juu.